Hesabu ya Pili

Ofisini walimwita Chapuchapu. Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza, alipomaliza kabla ya chai ya saa nne kazi aliyopewa kwa siku tatu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwembamba, mwenye mazoea ya kuandika akiwa amesimama, utadhani kiti kingemchelewesha. Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo, na kila lori liliposhusha mzigo pale chini, wote walinyamaza kidogo wakisubiri kusikia kitu kikivunjika. Kazi yao ilikuwa kutunza mfumo endeshi wa kompyuta za hospitali kadhaa. Hawakushughulika na zile programu anazobofya karani wa mapokezi. Wao walishughulika na kiini cha mfumo, ile sehemu ya ndani kabisa inayogawa kumbukumbu ya mashine na kuamua programu ipi ipate nafasi gani.

Mwenye kukijua kiini hicho kuliko wote alikuwa mtu wa miaka hamsini na tisa aliyeitwa Mzee Kiini. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Shingoni alining'iniza miwani miwili, mmoja wa kusomea na mwingine, kama alivyopenda kusema, wa kuutafutia ule wa kusomea. Ndiye aliyemfundisha Chapuchapu kazi, na alimfundisha kwa karatasi na penseli.

"Kumbukumbu ya mashine imegawanywa kurasa ndogondogo," alimweleza siku ya kwanza. "Programu ikiomba nafasi, kiini kinaipa kurasa. Sasa programu nzito, kama ile ya maabara, inataka kurasa laki kadhaa, na mashine inachoka kutafuta upi uko wapi. Kwa hiyo tunaipa kurasa kubwa. Ukurasa mkubwa mmoja ni sawa na ndogo mia tano na kumi na mbili zilizoshikana."

"Na programu ikitaka kurudisha kipande tu?"

"Hapo ndipo penye kazi. Inabidi uupasue ule mkubwa. Lakini kabla hujaupasua, unahesabu ni nani wanaoushika. Halafu unaugandisha, asiuguse mtu. Halafu unahesabu tena."

"Mara mbili? Ya nini?"

"Kwa sababu baada ya hesabu ya kwanza, kabla hujagandisha, kuna mtu anaweza kuponyoka akaingia. Usipomwona, utachukua kipande chake umpe mwingine, na yeye bado anakisoma. Atasoma habari za mwenzake akidhani ni zake."

Chapuchapu aliandika yote hayo kwenye daftari lake. Miaka mitatu walikaa meza zinazotazamana. Mzee alikuwa akimwita mwanangu, naye alimwita Mzee, na mkewe Mzee, mkunga mstaafu, alikuwa akimtumia salamu kila Jumatatu pamoja na onyo kwamba asipoolewa na mtu basi asiolewe na kompyuta.

Mwaka wa nne, hospitali kubwa kuliko zote walizohudumia ilianza kulalamika. Kila asubuhi, wagonjwa wakijaa, kompyuta za maabara zilikwama sekunde nane, kumi, wakati mwingine kumi na tano. Foleni ilirefuka mpaka nje kwenye ngazi, na watu waliofunga tangu jana yake ili watolewe damu walianza kuanguka kwa kizunguzungu. Mkuu wa kitengo, ambaye kila mtu alimwita Bosi hata mbele yake, aliingia ofisini na karatasi ya malalamiko mkononi.

"Nataka dawa ya jambo hili kabla ya Ijumaa," alisema.

Mzee Kiini hakuwepo. Mkewe alikuwa ameteleza bafuni akavunjika nyonga, naye alikuwa amechukua likizo ya wiki mbili amuuguze. Kwa hiyo kazi ikamwangukia Chapuchapu, na kusema kweli alifurahi. Alipima kila hatua ya kiini, siku mbili mfululizo, mpaka akaona palipokwama. Ilikuwa ile hesabu ya pili. Kila ukurasa mkubwa ulipopasuliwa, kiini kilipita vipande vyote mia tano na kumi na mbili kwa mara nyingine, na muda wote huo programu nyingine zilisimama mlangoni zikingoja.

Akaiondoa kwenye mashine ya majaribio. Mkwamo ukaisha. Akapasua kurasa elfu kumi bila kosa hata moja. Ndipo akampigia simu Mzee.

"Mzee, pole na kuuguza. Nina swali la haraka. Ile hesabu ya pili, nikiiondoa mashine haikwami tena."

"Eeh," alisema Mzee. Sauti yake ilikuwa mbali. Alikuwa amesimama kwenye korido ya hospitali, na nyuma yake watu waliitwa majina kwa kipaza sauti.

"Nimeijaribu mara elfu kumi. Haijakosea."

Magurudumu ya kitanda yakapita karibu na simu. "Mwanangu, wanamtoa chumba cha upasuaji sasa hivi. Ngoja nirudi, tuiangalie pamoja."

"Sawa, Mzee. Mpe Mama pole."

Alasiri hiyo Bosi alipita mezani kwake. "Tumefika wapi?"

"Nimepata dawa. Inafanya kazi."

"Mzee anasemaje?"

Chapuchapu alikuwa na jibu la kweli: anasema tungoje. Lilikuwa jibu fupi, hata lisingemchukua pumzi mbili. Lakini ilikuwa Alhamisi, na dawa ilikuwa imekwisha kupatikana, na aliyeipata ni yeye.

"Nimeongea naye," alisema.

"Basi pitisha."

Akaipitisha. Kwenye kumbukumbu za kazi, pale panapoandikwa sababu ya badiliko na waliohusika, aliandika kwamba jambo hilo limejadiliwa na Mzee, akaweka na tarehe. Alijiambia kwamba huo nao si uongo. Mzee aliporudi, amekonda, mawazo yake yote yakiwa kwenye nyonga ya mkewe na magongo ya kukodi, Chapuchapu hakuligusa jambo hilo. Alisema moyoni atamwambia wiki ijayo. Hospitali ilikuwa imetuma barua ya shukrani, na Bosi aliibandika ukutani juu ya birika la chai.

Miezi miwili ikapita kabla ya kosa kujitokeza. Mshonaji mmoja wa nguo, mwanamume wa miaka arobaini na minne, alikwenda hospitali hiyo akiwa amevimba miguu. Wakachukua damu. Karatasi ya majibu ikatoka safi kabisa, akapewa dawa za maumivu, akaambiwa apunguze kukaa sana kwenye cherehani. Siku ya tisa alirudishwa amebebwa, figo zote mbili zimekwisha. Daktari aliyempokea alishangaa, akazitafuta karatasi za siku ile, akakuta majibu ya mshonaji yanafanana mpaka tarakimu ya mwisho na ya msichana mzima wa afya aliyepimwa dakika hiyohiyo kwa ajili ya kuanza kazi.

Habari zilipofika ghorofa ya tatu, hakuna aliyelisikia lori la vioo siku hiyo. Mzee Kiini alivuta kiti, akavaa miwani, akaanza kutafuta. Alitafuta siku tano. Chai ililetwa mezani kwake ikapoa ikaondolewa. Chapuchapu alikaa ng'ambo ya meza, naye alijua tangu saa ya kwanza pa kutafuta. Mara tatu alifungua mdomo. Mara zote tatu alimwuliza kama anataka chai nyingine.

Siku ya sita asubuhi waliitwa kwenye chumba cha mikutano. Mzee alichora ubaoni ukurasa mkubwa, akaugawa vipande. "Kosa liko hapa," alisema. "Tunapasua baada ya hesabu moja tu. Programu ya maabara ilikuwa imeshika kipande hiki, ikahesabiwa kwamba haipo. Kipande kikapewa kazi nyingine. Majibu ya huyu yakaandikwa juu ya majibu ya yule. Hutokea mara moja katika mamilioni, lakini hutokea. Hesabu ya pili ilikuwepo, na sasa haipo."

Bosi alikuwa amefungua kumbukumbu za kazi kwenye kompyuta yake. Alisoma, kisha akainua uso.

"Mzee, hapa pameandikwa jambo hili lilijadiliwa na wewe. Tarehe kumi na nne."

Mzee alivua miwani. "Tarehe kumi na nne nilikuwa hospitali."

"Kwa simu," alisema Bosi. "Ulikubali?"

Chumba kilikuwa na watu saba. Mzee aliangalia ubao, akaangalia mikono yake yenye vumbi la chaki. Chapuchapu alimwona anavyorudi nyuma, anaitafuta siku ile, korido, kipaza sauti, kitanda cha magurudumu.

"Nakumbuka alinipigia," alisema taratibu. "Nakumbuka hesabu ya pili ilitajwa. Nilichosema..." Kisha akamgeukia Chapuchapu, bila hasira, kama mtu anayeuliza saa. "Mwanangu, nilisemaje?"

Baadaye, katika miaka yote iliyofuata, hilo ndilo swali alilolisikia Chapuchapu akiwa peke yake. Lilikuwa limeulizwa kwa upole mno. Aliona ile barua ya shukrani ukutani, aliona mshonaji ambaye hajawahi kumwona, na akaogopa kama anavyoogopa mtoto aliyevunja kitu.

"Ulisema sawa," alijibu.

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole. "Basi nilisema sawa. Akili yangu ilikuwa kwa mama watoto. Lakini kama nilisema, nilisema. Huyu ni mwanafunzi wangu, aliniuliza, nami nikamruhusu. Msimguse."

Wiki iliyofuata aliandika barua ya kuacha kazi. Bosi hakumbembeleza sana, kwa sababu hospitali ilitaka kusikia kwamba kuna aliyewajibika. Mzee alipanga vitu vyake kwenye boksi la karatasi za printa, akamwachia Chapuchapu penseli zake zote, akashuka ngazi. Chapuchapu alipewa onyo la maandishi. Baada ya miezi minne alipewa nafasi ya Mzee.

Aliirudisha hesabu ya pili, akaiandika upya iwe nyepesi zaidi, na mkwamo haukurudi. Ndipo alipojua kwamba ingewezekana tangu mwanzo. Walihitaji wiki moja tu, watu wawili, meza moja. Hakuitwa Chapuchapu tena. Wageni wa ofisi walimwita Mkuu, naye alikuwa amekuwa mpole, mwangalifu, mwenye kurudia kila jambo mara tatu, na watu walimsifu kwa hilo.

Mwaka mmoja na nusu ukapita hivyo. Kisha siku moja, akiwa kwenye foleni ya duka la dawa, alisikia fimbo ikigonga sakafu nyuma yake.

"Wewe! Hujaolewa na kompyuta bado?"

Alikuwa mkewe Mzee. Walikumbatiana. Yule mama alikuwa amezeeka kidogo, lakini macho yake yalikuwa yaleyale ya kukagua watu kama watoto wachanga.

"Mzee hajambo?"

"Yupo. Mzima wa mwili." Akashusha sauti. "Ila hagusi kompyuta. Hata simu ananipa mimi nimwandikie. Vijana wa chuo walimwomba awafundishe, akakataa. Anasema kichwa chake hakiaminiki tena, kwamba aliambiwa jambo la hatari akasema sawa na hata hakumbuki kulisema. Anaogopa, mwanangu. Mtu aliyekuwa akiniambia namba za simu za jamaa wote kwa kichwa, sasa anaandika kwenye karatasi kwamba amefunga mlango."

Foleni ikasogea, Chapuchapu akabaki pale pale.

"Wewe anakutaja kila siku," mama aliendelea. "Anasema angalau nafasi imepata mwenyewe. Njoo umsalimie. Labda wewe atakusikiliza."

Alikwenda Jumamosi, saa tisa mchana. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, na mlangoni, karibu na kitasa, palikuwa na karatasi ndogo iliyobandikwa kwa gundi: *Gesi. Maji. Dirisha la nyuma.* Mwandiko ulikuwa wa Mzee. Chapuchapu aliusoma mara mbili kabla ya kubisha hodi.

Mzee alimpokea kwa furaha iliyomuumiza. Akamkalisha kwenye kiti kizuri, akaagiza chai, akauliza habari za kazi. Chapuchapu alishika kikombe bila kunywa.

"Mzee, nimekuja kusema jambo. Naomba unisikilize mpaka mwisho."

"Sema, mwanangu."

"Hukusema sawa."

Mzee alimtazama.

"Siku ile ya simu. Hukusema sawa. Ulisema, ngoja nirudi, tuiangalie pamoja. Mimi sikungoja. Na uliponiuliza mbele ya watu, nikakudanganya. Kichwa chako hakina kasoro, Mzee. Hakijawahi kuwa na kasoro."

Alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa ukali, hata kwa kofi. Mzee alikaa tu. Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia, aliliweka sinia chini pale pale sakafuni.

"Ngoja nirudi," alisema Mzee, kama anayeonja maneno. "Tuiangalie pamoja." Kisha akamwangalia mkewe. "Nilijua. Nilikuwa nayasikia. Kila nikikumbuka, hayo ndiyo yaliyokuwa yakinijia. Nikawa najiambia, mzee unajitungia, unajitetea, mtoto yule hawezi kusema uongo."

"Nisamehe, Mzee."

"Unajua kila Alhamisi nakwenda wapi?"

"Hapana."

"Nakwenda hospitali kukaa na yule mshonaji. Anawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Wiki ile ile niliyoacha kazi nilikwenda nikamwambia, ni mimi. Nimekuharibia maisha yako, ni mimi. Alikaa kimya mwezi mzima, kila nikienda hasemi nami. Mwezi wa pili akanisamehe. Tulilia wote wawili." Mzee alijifuta uso kwa kiganja. "Sasa ule msamaha niupeleke wapi? Niliuchukua si wangu."

Chapuchapu alipiga magoti. Yule mama akasogea, akamshika bega. Haukuwa mkono wa kubembeleza.

"Inuka," alisema. "Nenda nyumbani. Leo mwache."

Jumatatu aliandika barua ndefu kwa wote ofisini na kwa hospitali, akaeleza simu ile neno kwa neno na mkutano ule neno kwa neno. Kabla hajaituma alimwonyesha Bosi.

"Mambo haya yamekwisha kupita," alisema Bosi, akifunga mlango. "Kosa lilitengenezwa. Unataka kufukua nini?"

"Jina la Mzee."

"Na langu je? Mimi ndiye niliyekwambia upitishe bila kumpigia."

"Lako liandike wewe mwenyewe," alisema, akarudi mezani akaituma.

Alivuliwa ukuu, akahamishiwa kwenye chumba cha majaribio, ambako kazi yake ilikuwa kukagua mabadiliko ya wengine. Hakupinga. Hospitali ilimwita mara mbili kuhojiwa, akasema yote. Bosi alimwandikia Mzee kumwomba radhi na kumrudisha kazini. Jibu lilikuja kwa mwandiko wa Mzee mwenyewe, mistari miwili: anashukuru, ila hatarudi. Mwezi uliofuata alianza kuwafundisha wale vijana wa chuo, siku mbili kwa wiki. Chapuchapu alizipata habari hizo kwa watu. Aliandika kumsalimia, hakujibiwa. Aliandika tena, hakujibiwa, na hakuandika mara ya tatu.

Kwa mshonaji alikwenda Alhamisi moja, saa nne asubuhi, baada ya wiki tatu za kufika hadi geti la hospitali na kurudi. Chumba kilikuwa na vitanda sita, na kando ya kila kitanda mashine yenye mirija iliyojaa damu. Mshonaji alikuwa cha dirishani, mtu mwenye vidole virefu, shuka limekunjwa vizuri kifuani. Mzee Kiini alikuwa ameketi pembeni yake akimsomea gazeti. Alipomwona Chapuchapu alilikunja gazeti, lakini hakuondoka.

Alijitambulisha. Alisema alichofanya, kwa maneno machache, kwa sababu mengi aliyoyapanga yalimkimbia.

Mshonaji alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee alishanieleza," alisema. "Nilimwambia kwangu hakuna kilichobadilika. Yeye alikuja wiki ya kwanza, nikiwa sijui kama nitaishi. Alikuja akiwa hana kosa. Wewe umekuja mwaka wa pili."

"Ndiyo."

"Nina binti, mdogo kuliko wewe. Angefanya ulivyofanya, sijui ningemwambia nini." Alifumba macho, akayafumbua. "Siwezi kukuambia nimekusamehe. Ningekuwa nasema tu ili uondoke. Pengine siku moja. Pengine hapana."

"Naelewa."

"Huelewi, lakini sawa."

Kiti kilikuwa kimoja, na Mzee alikuwa amekikalia. Chapuchapu akabaki amesimama miguuni pa kitanda, hajui kama aage. Hakuna aliyemwambia aende, na hakuna aliyemwambia akae. Baada ya muda Mzee alilifungua tena gazeti, akatafuta mstari alipoishia, akaendelea kusoma kwa sauti habari ya mvua na barabara mpya, na mshonaji akageuza kichwa kumsikiliza.